Mke kavunjika mguu, muuguzi ni mimi: maswali ninayoulizwa kila siku

Mwezi wa pili mama watoto alikuwa anarudi kutoka Kariakoo kununua vitambaa. Bodaboda aliyopanda ikabanwa na gari, ikaingia mtaroni. Mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ukakatika, na ule mwembamba wa pembeni nao ukafuata. Hakupasuliwa. Mfupa ulivutwa ukakaa sawa, akafungwa hogo la P.O.P, yaani plasta ngumu, kuanzia pajani hadi karibu na vidole, na kesho yake tukarudi nyumbani Tabata: vyumba viwili vya kupanga, watoto wawili, choo cha uani.

Yeye ni fundi cherehani, mimi ni fundi umeme. Tangu siku ile maswali ni yale yale, ya majirani, ya wakwe, ya wenzangu kazini. Nimeyaweka hapa ili wewe uliyeletewa mgonjwa jana usipate tabu ya kubahatisha kama mimi. Sina udaktari wowote. Pale daktari wako anaposema tofauti na mimi, msikilize yeye.

Siku ya kwanza nyumbani nianze na nini?

Choo. Chakula majirani wataleta, na pole zitakuja zenyewe. Choo hakuna atakayekuletea.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mtu mwenye hogo hadi pajani goti halikunji, kwa hiyo kuchuchumaa kumekwisha. Hospitali tulipewa bedipani, akaitumia mara mbili, akasema afadhali afe. Nikachukua kiti cha plastiki, kile cheupe cha kwenye shughuli, nikampelekea seremala wa mtaani. Akachora duara kwa kutumia mdomo wa kopo la rangi, akatoboa, akakata kwa msumeno mwembamba, halafu akapiga msasa ukingo mpaka ukawa laini. Usiruke hatua ya msasa. Kiti kinasimamishwa juu ya tundu la choo, na mbele yake unaweka stuli ya kuegeshea mguu. Ukutani nilipigilia ubao imara wa kushikilia wakati wa kukaa na kuinuka. Usiku kiti kilihamia chumbani, ndoo yenye mfuniko ikakaa chini yake.

Kabla ya hicho kiti mke wangu alikuwa hanywi maji. Mimi nilidhani hana kiu. Kumbe alikuwa anajinyima ili asinisumbue kumpeleka uani. Siku ya nne kichwa kinamgonga, choo kigumu, mkojo wa rangi ya chai. Mgonjwa wako akikataa maji, kabla hujamgombeza angalia njia ya kwenda chooni ikoje.

Hogo halitakiwi kulowa. Anaogaje?

Akiwa amekaa kwenye kiti kilekile, mguu umenyooshwa juu ya stuli na kufunikwa nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta. Sisi tulitumia nailoni iliyokuja na godoro. Nilikata kipande, nikakizungusha mguu mzima mpaka juu ya hogo, kisha nikafunga pajani kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Unafunga kwa kubana kiasi na unafungua mara tu anapomaliza. Maji yamwagwe kwa kopo, polepole, upande wa pili wa mwili. Hogo likilowa likalainika halishiki tena mfupa. Hapo ni kurudi hospitali, kulianika juani hakusaidii.

Nani amwogeshe, mume au mama yake?

Mama mkwe alifika kutoka Muheza siku ya pili, na kiroba cha machungwa na chupa ya mafuta ya nyonyo. Hata kabla ya kumaliza kuitikia shikamoo yangu alikwishauliza beseni liko wapi. Kwake yeye kumwogesha binti yake hakukuwa na mjadala, na mimi nilikuwa tayari kumpisha, maana nani abishane na mkwewe juu ya jambo kama hilo?

Tulisahau kumuuliza mwenyewe. Alisema, "Mama, wewe nisaidie watoto. Kuniogesha ataniogesha baba yao." Mama akanyamaza, akachukua beseni akaenda kuogesha mdogo. Kumbe binti alikuwa anaona haya kuvuliwa nguo na mama yake akiwa na miaka thelathini na kitu, kama mtoto mchanga. Kwa wengine itakuwa kinyume chake. Uliza.

Vyumba viwili na mama mkwe ndani vina adabu yake, hilo unalijua. Mama alilala na watoto. Mimi nilizoea kukohoa kabla sijakunja kona ya kwenda uani, na taulo likawa vazi la chumbani tu.

Usiku analalaje?

Chali, mguu umeinuliwa kuliko kifua. Mito miwili haikutosha, tukaongeza blanketi lililokunjwa. Kisigino kisigandamizwe, kiachwe kinaning'inia kidogo nje ya ukingo wa mto, la sivyo kinatoa kidonda. Wiki mbili za kwanza ndizo mguu unavimba sana, na kuinua kunasaidia kuliko unavyofikiri.

Tatizo ambalo hakuna aliyenionya ni chandarua. Mguu ulioinuliwa unagusa neti, na vidole vinavyochungulia kwenye hogo vinakuwa karamu ya mbu. Nikahamisha misumari ya kuning'inizia ikapanda juu zaidi, na vidole nikavivisha soksi ya mtoto iliyopwaya. Soksi ivuliwe kila unapokagua rangi ya vidole.

Mimi nililala chini kwenye mkeka kwa wiki mbili, nikiogopa kumgonga mguu. Nilijiona muungwana kwelikweli. Baadaye aliniambia huo mkeka ulimuuma kuliko mfupa, alihisi kama mtu aliyetengwa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Nikarudi kitandani, upande wa mguu mzima.

Nitajuaje kama kuna kinachoharibika ndani ya hogo?

Hapa soma taratibu.

Usiku wa tatu maumivu yalianza kupanda badala ya kushuka. Dawa alikuwa amemeza saa tatu, saa sita analia. Nikavua soksi, vidole vimevimba, vimepauka, vya baridi. Nilipokinyoosha kidole gumba kwa mkono wangu, kidogo tu, alipiga kelele mpaka jirani akawasha taa. Akasema nyayo ina ganzi. Tukachukua teksi saa nane usiku. Walilipasua hogo kwa urefu, wakalitanua, wakazungushia bandeji, na haikupita muda akashusha pumzi ndefu ambayo bado naisikia.

Mguu ukivimba ndani ya kitu kisichotanuka, shinikizo linapanda mpaka damu haipiti kwenye misuli, na misuli inaweza kufa ndani ya saa chache. Tulipotoka hospitali mara ya kwanza tulipewa kadi ya kliniki na dawa. Dalili hizi hakuna aliyetutajia, na jambo hilo linanikera hadi leo. Basi nakutajia mimi: maumivu yanayozidi licha ya dawa, maumivu makali vidole vikinyooshwa, ganzi, vidole vya baridi au vilivyobadilika rangi, vidole vilivyogoma kutikisika. Ukiona hayo usingoje asubuhi.

Harufu mbaya au unyevu unaotoka ndani ya hogo, au homa, nenda siku hiyohiyo. Na kifua kikiuma ghafla au pumzi zikikata, kimbia, kwa sababu damu inaweza kuganda kwenye mguu usiotembea na bonge likapanda mapafuni.

Bibi anataka kumkanda kwa maji ya moto na mafuta. Nimkatalie vipi?

Kwa heshima, lakini ukatae. Mfupa uliovunjika ukikandwa, vipande vinasogea. Na wale wanaofunga mguu kwa vijiti na kamba kwa nguvu, hilo ni shinikizo lilelile nililosimulia hapo juu, ila hili halina wa kulipasua usiku. Wapo waliokatwa mguu kwa mfupa ambao ungeunga.

Mama mkwe hakupenda. Nilimwomba anisaidie kupaka yale mafuta ya nyonyo mgongoni na mabegani kwa binti yake, mahali palipochoka kwa kulala chali. Alifanya hivyo kila jioni, na mgonjwa aliyasubiri kwa hamu. Chupa ikaisha bila kugusa muundi.

Kwa nini hakuwekewa antena kama fulani?

Kwa sababu mfupa wake ulivunjika bila kutoboa ngozi na ulikubali kukaa sawa baada ya kuvutwa. Antena ni chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa, hasa ukiwa umesagika, umehama sana au haukubali kutulia. Zipo zile za SIGN, zilizobuniwa Marekani kwa ajili ya hospitali ambazo chumba chake cha upasuaji hakina eksirei ya kumulika wakati wa kazi. Taasisi ya Mifupa, MOI pale Muhimbili, wamezitumia kwa miaka mingi. Mwenye antena mara nyingi huanza kukanyaga mapema kuliko mwenye hogo, basi usilinganishe wagonjwa wawili kwa kalenda.

Supu ya makongoro inaunga mfupa kweli?

Inashusha wali vizuri. Mfupa unaungwa na mwili wenyewe, na mwili unataka protini na madini ya chokaa: maharage, mayai, samaki, maziwa, na dagaa, maana dagaa unamtafuna na mifupa yake. Jua la asubuhi barazani linampa vitamini D. Makongoro tulipika pia, Jumapili. Nani alikataa?

Mpe na papai. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadol zinafunga choo.

Dawa za maumivu nimpe mara ngapi?

Kama ilivyoandikwa kwenye bahasha. Paracetamol ya mtu mzima haitakiwi kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ukumbuke imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Diclofenac usimnunulie kiholela dukani, inakwangua tumbo, hasa la mwenye vidonda.

Anawashwa ndani ya hogo mpaka anataka kulia.

Wetu alijikuna kwa kijiti cha mishikaki, mimi nikiwa kazini. Hogo lilipobadilishwa pakakutwa kidonda. Elekeza feni kwenye uwazi wa juu wa hogo, gongagonga hogo kwa nje, na vijiti vyote vya mishikaki ficha.

Kazi za nyumbani anafanya nani? Na hivi kweli wewe ndiye unayefua?

Ndiyo, na kuanika. Siku ya kwanza nilipotundika kanga za mke wangu kwenye kamba, wapangaji wawili waliangaliana. Jioni nikasikia nimelishwa limbwata. Nikawaambia kama limbwata linafua nguo basi waniuzie lingine.

Kupika ndiko kulikonishinda mwanzoni. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa uji mzito, wa pili ukawa na madonge ambayo mkubwa, yuko darasa la tano, aliyatoa moja moja akayapanga ukingoni mwa sahani bila kusema neno. Tukamwekea mgonjwa kiti na stuli mlangoni pa jikoni. Kuanzia hapo kulikuwa na mpishi mmoja mwenye mikono minne: "Punguza moto. Ongeza unga. Sasa songa, usipapase, songa!" Akawa anachambua mchele na kukata mboga akiwa amekaa. Mambo yakanyooka.

Mbona alikuwa mkali sana kwako? Tulisikia hadi nje.

Mlisikia vizuri, na kosa lilikuwa langu.

Wiki ya pili wateja walikuja kuulizia nguo zao. Yeye alikuwa amelala. Nikaona nimpunguzie mzigo, nikafungua kabati, nikawarudishia vitambaa na kuwaambia watafute fundi mwingine, huyu hatashona mpaka katikati ya mwaka. Mmoja alikuwa na vitenge vya sare ya harusi, watu sita.

Alipoamka nikamsimulia kama mtu anayeleta habari njema. Hakulia alipovunjika mfupa, alilia hapo. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu dada yangu alikuja kumwona, akamuuliza, "Wifi, unaendeleaje?" Nikajibu mimi, kama nilivyokuwa nikijibu kwa kila mgeni: anaendelea vizuri, analala, anakula. Ndipo akasema, "Nimevunjika mguu. Mdomo ninao."

Nilikwenda mwenyewe kwa yule mwenye sare, kuomba radhi na vitenge. Alinipa vitatu, vingine vilikuwa vimekwishakatwa na fundi wa pili. Cherehani yetu ni ya kukanyaga, na kwa mguu mmoja tena wa kushoto haiendi. Nikaifunga mota, hiyo angalau ndiyo fani yangu, pedali yake ndogo inagandamizwa kwa ncha ya mguu. Mpaka mota ilipopatikana alikuwa anapinda pindo na kushona vifungo kwa mkono, kitandani, sindano zikihesabiwa kabla ya kuzima taa kwa sababu ya mdogo. Fedha haikuwa nyingi. Lakini kibubu kilirudi chini ya mto wake, na hasira ile mliyoisikia nje haikurudi.

Kazini ulipewaje ruhusa?

Nilichukua likizo yangu ya mwaka, siku 28, nikaimaliza yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayeugua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Hizo ni za mgonjwa mwenyewe, tena aliyeajiriwa. Fundi wa barazani hana. Zile siku 4 za dharura za kifamilia, kama zilivyoandikwa mwaka huo, zinamtaja mtoto akiugua au akifariki. Mwenzi wa ndoa ametajwa kwenye kufariki tu. Nilimwonyesha bosi kifungu hicho, akakisoma mara mbili, akaniruhusu niwe natoka saa tisa.

PF3 ni ya nini kama hatuna nia ya kushitaki?

Ichukue hata hivyo. Ni fomu ya polisi inayoonyesha kwamba majeraha yametokana na ajali, daktari anaijaza sehemu yake, na bila hiyo madai ya bima yatakuwa magumu. Andika namba ya usajili ya chombo. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wana mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki kama chombo kina bima hai. Mgonjwa wa hali mbaya atibiwe kwanza, karatasi zifuate.

Wageni tuwaruhusu saa ngapi?

Alasiri, baada ya kuoga na kula. Wasikae kitandani, godoro likibonyea mguu unajua. Na anayeanza kusimulia mjomba wake aliyekatwa mguu, mpeleke nje ukamwonyeshe mchungwa wa jirani.

Na... mambo ya chumbani?

Hili huulizwa kwa kunong'ona, nami nitajibu kwa kunong'ona. Mfupa wa muundi hauna amri juu ya ndoa nzima. Maumivu yakitulia, mwenye mguu ndiye mwenye kauli, na mito ni mingi.

Magongo: makwapa yanamuuma.

Ameyaegemea vibaya. Uzito uwe kwenye viganja. Juu ya gongo na kwapa papite vidole viwili au vitatu, kwa sababu kwapani kuna mishipa ya fahamu, ikigandamizwa mkono unakufa ganzi. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza magongo na mguu mgonjwa. Mipira ya chini ikilika, badilisha mara moja, sakafu yenye maji haina huruma. Kwenda kliniki tulikodi bajaji: anakaa kwa ubavu, mguu umenyooshwa kiti kizima cha nyuma, mimi mbele nimebanana na dereva.

Hogo likitoka ndiyo amepona?

Hapana, na hapo wengi hukata tamaa. Baada ya wiki sita lile refu lilibadilishwa likawekwa fupi la chini ya goti, na mwezi wa nne tangu avunjike likatoka kabisa. Mguu uliotoka mle ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, ngozi inabanduka, goti gumu, kifundo hakigeuki. Alijifunika kanga haraka. Muundi wa mtu mzima kwa kawaida unachukua miezi minne hadi sita kuunga, na misuli inadai muda wake juu ya hapo.

Mtaalamu wa viungo alimpa mazoezi: kukandamiza taulo lililokunjwa chini ya goti, kupandisha na kushusha kisigino, na kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Hilo la mwisho lilimpata mwalimu. Mdogo wetu, miaka mitatu, alikaa miguuni pa kitanda kila asubuhi akisoma kwa sauti: a, e, i, o, u. Irabu amezijua kupitia mguu wa mama yake. Konsonanti zimemshinda, anasema mama anaandika vibaya.

Sasa anaendeleaje?

Muulizeni, yuko barazani. Mimi naona anatembea bila gongo, jioni kifundo kinavimba kidogo, na mota haniruhusu niing'oe. Magongo tumempa mzee wa nyumba ya nyuma. Kiti chenye tundu bado kipo, kimeoshwa. Ukikihitaji njoo na bajaji, kwenye bodaboda hakikai.